Mama Povu Akianua

Mara ya kwanza Magodoro kumfuata Mama Povu, dobi wa mtaani kwake, alikwenda kumwambia asogeze kamba zake. Mashuka aliyoanika yalikuwa yanaziba duka lake la magodoro lisionekane kutoka barabarani. Dobi yule hata hakuinua uso kwenye beseni.

"Nisogeze niende wapi, baba? Jua lenyewe liko hapa."

Mara Magodoro akamwona mama wa watu anaanua mashuka chapuchapu, na huku juu ni kweupe. Akacheka moyoni. Kabla hajafika dukani, mvua hiyo! Magodoro yaliyokuwa mlangoni yakalowa chapachapa.

Habari ya kusogeza kamba ikafia hapo. Kwa kinyozi wa jirani watu walibishana kutwa kwa nini misimu imevurugika: huyu alitaja moshi wa viwanda, yule miti iliyokatwa, mwingine akasema dunia imechoka tu.

"Mvua ya siku hizi haina adabu," kinyozi alisema. "Inaingia bila hodi."

Magodoro hakuwa na haja na wa kulaumiwa. Alitaka kujua kama mchana itanyesha, na huyu mama alijuaje? Ananusa upepo? Magoti yanamuuma? Ikawa kila mara anasimama mlangoni, anamkodolea macho. Mama Povu akianua, naye anaingiza mali. Ikinyesha, alimsifu. Isiponyesha, alisema imepitia mtaa wa pili.

Siku moja, jua la kupasua kichwa, Mama Povu akaanua. Magodoro akaingiza mali mbio. Halikudondoka hata tone. Alasiri dobi akaingia dukani na furushi la mashuka mabichi, kafura.

"Baba, leo umeniponza! Haya ni ya nyumba ya wageni. Yasipofika makavu kabla ya magharibi, kazi wanampa mwenye mashine. Wameshanionya. Na jua limeshajificha nyuma ya ghorofa!"

"Mimi tena? Si wewe uliyeanua?"

"Nimeanua kwa sababu ulitoka ukaangalia mawingu! Mfanyabiashara mzima, mwenye mali nje, nikajua unajua."

"Mawingu gani? Nilikuwa nakuangalia wewe!"

Wakatazamana. Kinyozi, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alicheka mpaka mteja wake akashika masikio yake kwa usalama.

"Na ile siku ya kwanza?" Magodoro akauliza.

"Ile? Wale wa nyumba ya wageni walipiga simu, wanataka mashuka mapema."

Magodoro akalitazama furushi, biashara ikamrudia.

"Stoo yangu ya nyuma ni bati tupu, joto lake kama tanuri. Ukianika humo, utanipa nini?"

"Nitakufulia foronya za magodoro zikishika vumbi."

"Na mapazia ya nyumbani."

"Mapazia yana mwenyewe, muulize mkeo. Na ufunguo nakaa nao mimi."

"Ufunguo? Hapo umenikalia kichwani, mama!"

Mama Povu akajitwika furushi, akageuka kuondoka.

"Haya, chukua!" Magodoro akamwita.

Mashuka yalikauka kabla jua halijazama, na kazi ikabaki kwake. Magodoro alipata foronya safi zinazovutia wateja, akapoteza stoo yake. Mama Povu alipata paa, akapoteza siku zake za kupumzika, maana vumbi la mtaa ule halina likizo. Ama kuhusu mvua, kila mmoja alipoteza mtabiri wake, na mpaka leo hawajapata mwingine.