Jaja na plagi ya barazani

Leo nimehangaika na plagi mchana kutwa, kumbe haikuwa na kosa lolote.

Mama ni askari, na safari hii kazi imempeleka mbali na kwetu Makindye. Alitutumia plagi janja ya nje ili awe anawasha taa ya baraza yetu kwa simu yake, huko huko aliko.

Nikaichomeka, ikashika waifai vizuri. Nikiingia ndani tu, inapotea kwenye programu ya simu!

Nikasogeza ruta dirishani. Nikafuta programu, nikaanza upya. Wapi!

Mama akaandika, "Basi, acha tu mwanangu."

Hapo machozi yalikaribia.

Nikatoka nje, nikamkuta Jaja, mama yake Mama, anazima swichi ya soketi.

"Jaja! Kumbe ni wewe?"

"Nani anaacha soketi wazi mchana? Taa yenyewe haiwaki, umeme unaliwa bure!"

Nikamweleza taratibu kwamba Mama ndiye atakayeiwasha.

Akaiwasha swichi mwenyewe, akatandika mkeka, akakaa kusubiri.

Baada ya adhana ya magharibi, taa ikawaka.

Jaja akainua uso, akaijibu: "Waalaikum salaam, binti yangu."

Niambieni, ningejizuiaje kulia?