Kiko cha Baba Mkwe

Miaka ile ya themanini pale Karatu, moshi wa tumbaku ulikuwa kama vumbi la barabara: ulikuwepo tu. Mwalimu alivuta huku akiandika ubaoni. Utingo wa basi la Arusha alivuta madirisha yote yakiwa yamefungwa, eti vumbi lisituingie. Kwenye vikao vya harusi wazee walivuta mpaka ukimtafuta mwenzio unamtambua kwa kikohozi. Sisi wengine tulisalimia, tukakaa, tukavuta nao kwa pua. Nani angesema?

Nyumbani kwetu mvutaji alikuwa baba mkwe. Alipanda tumbaku yake mwenyewe nyuma ya zizi, akaikausha darini, na jioni akakaa sebuleni na kiko chake, mwanangu wa kwanza akiwa amelala ndani ya blanketi lake. Kwangu mtoto alilia. Akifika kwa babu yake, kimya. Wivu ulinishika, sikatai.

Lakini mtoto alikuwa akikohoa. Kifua kilimbana mara kwa mara, mbavu zikaingia ndani, na mimi roho mkononi. Kule zahanati kulikuwa na muuguzi mmoja mnene, mcheshi. Kabla hata ya kumpima, aliinusa kofia ya mtoto, akaniuliza nani anavuta nyumbani. Nikasema hakuna, mume wangu havuti. Akanusa tena.

"Mama, huyu mwanao anavuta kiko hata meno hajaota."

Kisha akaacha mzaha. Akaniambia wazi kwamba kifua kile kikiendelea kupigwa na moshi, safari nyingine huenda nisimfikishe.

Nilirudi nimechoka miguu na akili. Kwetu mke wa mwana hamwambii baba mkwe acha hiki. Hata kumkazia macho ni utovu wa adabu. Mume wangu naye, maskini, mbele ya baba yake alikuwa hodari wa kukuna shingo tu. Ila ipo njia moja: mama husema na mtoto, na mkubwa aliye karibu akasikia. Wanawake wa kwetu waliitumia kuomba sukari, kuomba ruhusa ya kwenda kwao, hata kulalamika.

Jioni ile nilimkalisha mtoto mapajani, nikasema huku nikitazama sakafu:

"Mwanangu, mwambie babu unampenda sana. Lakini ule moshi wake unakuziba pumzi, na mama anaogopa utamfia."

Kiko kilimzimikia baba mkwe mdomoni. Halafu akamjibu mtoto, si mimi:

"Mwambie mama yako, babu amesikia."

Akainuka, akatoka na blanketi lake. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, baridi ya kukata masikio. Nilitamani kumrudisha. Nilienda jikoni nikalia, nikasingizia kuni mbichi.

Toka siku hiyo alivutia nje, kwenye jiwe lililo hatua chache kutoka mlangoni. Akimaliza anaagiza maji, anasukutua, ananawa mpaka viwiko, anajifunika blanketi jingine, ndipo anampokea mjukuu wake. Kifua kikatulia pole pole. Mtoto alipoanza kutembea, akawa yeye ndiye mpeleka maji. Nusu ya kikombe ilimwagikia miguuni. Alisimama mbali kidogo, akangoja kama alivyofundishwa, mpaka babu amalize kunawa na kumfungulia blanketi. Mimi niliwatazama kutoka dirishani, na ule wivu wangu sijui uliishia wapi.

Babu alifariki mtoto akiwa hajaanza shule. Tuliporudi kutoka makaburini nyumba ilijaa watu, na wazee, kama kawaida, wakawasha sigara zao sebuleni. Nilimtafuta mwanangu, nikamkuta nje. Alikuwa amesimama mbali kidogo na lile jiwe, kikombe kimejaa maji. Nilipotaka kumchukua, aliniambia nisubiri, babu bado hajanawa.