Pua ya Mwenyekiti

Mpima ardhi mstaafu, mwenyekiti wa chama cha waonja wiski za shayiri tupu, alipoteza uwezo wa kunusa baada ya mafua makali. Aliyejua ni mkewe tu. Uenyekiti wote ulikuwa puani, kwa hiyo akaendelea kuwalinganishia wenzake chupa kwa kukariri madaftari yake ya zamani.

Siku ya uchaguzi, sebuleni kwake, alizamisha pua kwenye glasi ya pili.

"Hii haina moshi hata chembe, jamani. Asali tupu."

Wanachama walikuwa wameziba pua kwa leso.

"Baba watoto, maharage yanaungua jikoni hapo nyuma yako!" mkewe alifoka kutoka uani. "Hiyo pua ni pambo?"

"Niache, mama. Niko kazini."

Wanachama walitazamana. Katibu akatamka kwamba umakini wa namna hiyo hajapata kuuona, wakamrudishia kiti bila kupiga kura.