Kindi Mweupe na Kanga za Dirishani

Kindi mweupe alipotokea kwenye mti wa mkungu wa uani kwetu Chumbageni, nilifurahi peke yangu. Kindi wetu wana mgongo wa kijivu na tumbo jekundu. Huyu alikuwa mweupe mwili mzima, macho tu meusi. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa mja mzito. Siku ile ile mama alitundika doti nzima ya kanga kwenye dirisha la chumba cha wifi.

"Mja mzito hatazami kiumbe cha namna ile," alisema. "Mtoto atatoka hana rangi."

Na joto lile la kaskazi! Nilieleza mpaka koo likanikauka. Rangi hurithiwa. Wazazi wa kindi yule huenda ni wa kawaida kabisa, ila kila mmoja amebeba upungufu wa rangi usioonekana; mtoto akiuchukua kwa wote wawili, hutoka mweupe. Hata binadamu mwenye ualbino huurithi kwa wazazi wake, wala si mkosi.

"Hauingii kwa macho, mama!"

"Kinga ni bora kuliko tiba," akanijibu, akaongeza ubani kwenye chetezo.

Sasa mtu atashindana vipi na hilo? Majirani nao wakamuunga mkono. Mmoja alimjua mwanamke wa Maramba aliyemjua mwanamke mwingine aliyemkodolea macho nyani. Sikutaka kusikia alizaa nini.

Wifi alijibu tu, "Nimesikia, mama," huku jasho likimtiririka. Utii ule ulinikera kuliko ubani. Nilihofia kwa ajili yake. Mtoto akizaliwa na ualbino, wifi ataambiwa maisha yake yote kwamba alichungulia.

Mtoto akazaliwa, mweusi wa kung'aa, kaka yangu mtupu. Mama akampakata, uso umemchanua.

"Mnaona? Kanga zimefanya kazi!"

Nilitaka kulia kwa hasira. Wifi akajiinua kitandani taratibu, akafunua pindo la kanga ya dirishani. Palikuwa na tundu dogo.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa namtazama yule kindi kila siku. Ndiye aliyenichekesha humu ndani."

Mama akamtazama yeye, akamtazama mtoto, akalitazama tundu. Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyelitoboa.

"Na wewe umekaa tu? Teremsha kanga hizo, mtoto apate hewa!"