Kiwiko Changu Kwenye Mkomamanga

Mpiga picha wetu wa Ibra amefariki dunia. Habari zilinikuta Nizwa, nimesimama kwenye foleni ya benki nyuma ya mtu aliyekuwa akibishana na karani, na aliyenipigia simu alisema kwa maneno machache kama ilivyo desturi: mzee kapumzika baada ya sala ya alfajiri, maziko ni adhuhuri. Ningependa kuwaambia kwamba nilimwombea dua papo hapo. Nilimwombea, lakini baadaye. Kwanza, Mungu anisamehe, nilikitazama kiwiko changu cha kulia. Wasomaji wa safu hii mmeshazoea kunivumilia, basi nivumilieni tena, maana marehemu hawezi kuelezwa bila ya kiwiko hicho, na kiwiko hakiwezi kuelezwa bila ya safari moja tuliyokwenda kupiga picha majani ya miti.

Studio yake ilikuwa karibu na soko, chumba kimoja chenye pazia la buluu kwa ajili ya picha za pasipoti. Ukuta wa nyuma aliubandika karatasi kubwa yenye picha ya msitu wa Ulaya wakati majani yanapopukutika: miti ya manjano, njia ya udongo katikati, na majani yametanda chini. Sikukuu ya Idi watu wa Ibra, na wengine kutoka Al Qabil na Mudhaibi, walikuwa wakijazana mlangoni wasimame mbele ya msitu ule. Mitende kila mtu alikuwa nayo nyumbani, na nani atavaa nguo mpya aende kupigwa picha na mtende? Picha hizo zilikwenda Unguja, Mombasa na Bujumbura, kwa jamaa tuliowaacha huko tuliporudi huku kwenye nchi ya babu zetu, nazo ndizo zilizokuwa barua zetu. Zilisema kwamba tu wazima, watoto wamekua, baba kaota kitambi. Mama mkwe wangu wa Unguja aliwafumia watoto wetu masweta, kwa sababu kila picha ilimwonyesha kuwa tunaishi penye baridi kali. Tuliwavika mara moja tu, mbele ya msitu uleule, ili tumpelekee picha ya kumshukuru.

Aliyeuvunjia msitu ule heshima alikuwa bibi mmoja wa mtaani kwetu. Alikwenda studio na buibui jipya, apigwe picha ya kumpelekea dada yake aliyebaki Unguja. Walikuwa hawajaonana tangu ujanani, na dada alikuwa mgonjwa, amesema kwenye simu kwamba anataka kuuona uso wa mdogo wake na mahali anapoishi. Bibi akautazama ukuta, akakataa kukaa. “Mwanangu,” akamwambia mpiga picha, “dada yangu akiniona hapo atadhani nimehamia kwa Wazungu na sikumuaga.” Alipoonyeshwa pazia la buluu akasema hilo ni la wasafiri, naye hana safari. Kisha akauliza, kwa upole uleule, kama nchi hii haina mti. Akajifunga buibui lake akaenda zake. Mpiga picha alikuwa amewapiga picha watu wa mji ule miaka na miaka, wala hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Lilimuuma. Alikuwa amesikia kwamba juu ya Jabal Akhdar mikomamanga hugeuka manjano baridi inapoingia, basi akamwahidi bibi kwamba atamletea mti wa kwetu, na wa manjano vilevile, wateja wasinung'unike. Tangu siku hiyo bibi akawa kila akipita sokoni anachungulia mlangoni na kuuliza, “Mti umefika?”

Hapo ndipo nilipojiteua kuwa amiri wa safari. Sikuombwa. Mpiga picha alitaka gari na siku moja ya mapumziko tu, Alhamisi au Ijumaa, lakini mimi nilimwambia kuwa mambo hayaendi hivyo, safari ni mpango. Nikawa kila baada ya sala ya alasiri nakwenda studio kwake, nanywa kahawa yake na kupanga. Nilichora ramani nyuma ya kalenda, ingawa barabara yenyewe ilikuwa moja na mtu angehitaji bidii ili apotee. Nilijadili kama tuchukue sufuria kubwa au ndogo. Wake zetu waliposikia habari ya sufuria wakasema na wao watakwenda, na wake walipokubaliwa wakaja mashemeji, na mashemeji wakataka kujua kama huko mlimani kuna mahali pa kutandika mikeka. Mwaka ule wa kwanza, wiki tuliyoichagua ikaingia arusi ya Sur, na arusi ya Sur huiachi. Tulikula, tukatoa pongezi, na majani yakaanguka yote bila ya kutungoja. Mwaka wa pili majani yalikutana na Ramadhani, na amiri wenu hakuwa tayari kupanda mlima na njaa. Bibi alipochungulia na kuuliza habari ya mti, mpiga picha alimjibu “Inshallah”, huku akinitazama mimi.

Mwaka wa tatu bibi hakuuliza habari ya mti. Aliingia, akakaa juu ya kiti cha wateja, akasema dada yake sasa hawezi tena kushika simu, anashikiwa sikioni. Alipotoka, mpiga picha akazima taa za studio. “Sheikh,” akaniambia, “wewe baki na mpango wako. Mie Alhamisi naufuata mti.” Nikamwambia gari ya shemeji yangu ndiyo yenye nguvu magurudumu yote, na bila ya gari hiyo askari wa kizuizi cha chini ya mlima hawamruhusu mtu kupanda, kwani siku hizo lami ilikuwa haijafika juu. Kwa hiyo akalazimika kunichukua. Hivyo ndivyo nilivyopata nafasi yangu katika historia ya upigaji picha wa Ibra: kwa sababu ya shemeji.

Tuliondoka asubuhi na mapema, sisi wawili, bila ya sufuria. Kufika Mudhaibi nikakumbuka kwamba ami yake mke wangu anakaa kando ya barabara, na gari ile anaijua. Mtu hapiti mlango wa ami bila ya kusalimia. Akipita, habari humtangulia nyumbani, na mimi huyo mke ndiye ninayekaa naye. Nikamwahidi mwenzangu kwamba tunaingia, tunakunywa kikombe, tunatoka. Tukaingia. Ikaja kahawa, zikaja tende, ikaja halwa, tukaulizana habari za kila aliye hai na za waliokufa hivi karibuni, na nilipojikohoza ili niage, ami akatwambia kwa furaha kwamba mbuzi keshachinjwa. Hapo hakuna mjadala. Mpiga picha alikaa na kamera yake mapajani, macho yake kwenye mwanga wa jua uliokuwa ukihama polepole juu ya ukuta wa ua. Mimi, nasikitika kusema, nilirudia wali. Tulipoachiwa tuondoke, adhuhuri ilikuwa imeshasaliwa na ami mwenyewe alikuwa amelala.

Askari wa kizuizini aliyatazama magurudumu, akatutazama sisi, akasema tusichelewe kushuka. Tulipofika juu, kwenye konde za ngazi zinazoshuka bondeni, jua lilikuwa limeinama. Basi niwaambieni ukweli: nilinyamaza, na wanaonijua wanajua kwamba hilo si jambo dogo. Mikomamanga yote ilikuwa manjano, na jua la jioni lilipoipiga, majani yaliwaka mpaka mawe ya ukuta yakashika rangi. Mpiga picha alichagua mti mmoja uliosimama peke yake ukingoni, akalipa jua mgongo, akaweka jicho kwenye kamera. Akakaa hivyo. Akaishusha kamera, akaiinua tena. Kisha akageuka kwangu kwa haya, akaniambia, “Sina uso wa kushika. Simama hapo kidogo nipime.” Maisha yake yote alikuwa akipiga picha nyuso, na jicho lake lilikuwa halijui pa kutua pasipo na mtu. Mimi nilidhani hatimaye mchango wangu umetambuliwa. Nikasimama karibu na shina, nikavuta tumbo ndani, nikatia mkono kiunoni kama gavana. Akabofya. Akaniambia nitoke. Nilikuwa bado natafuta pa kukanyaga nishuke, jua likazama nyuma ya mlima, na mti wote ukawa rangi ya majivu.

Nilingoja anitukane, na haki alikuwa nayo. Alifunga kamera katika mfuko wake, akaokota jani moja, akalitazama, akalitia mfukoni mwa kanzu. “Khalas, yamekwisha,” akasema. “Mti umeingia, na wewe umeingia.” Njia nzima ya kushuka alikuwa akicheka peke yake.

Picha ilikuzwa Maskati ukubwa wa ukuta. Alinikata kila alipoweza, lakini kila alipotaka kunimaliza ilibidi aukate na mti, kwa hiyo kikabaki kiwiko changu cha kulia na kipande cha mkono wa kanzu, kimetokeza upande wa shina. Mtu wa kwanza kukaa mbele ya ukuta mpya alikuwa bibi, na buibui lake. Picha ikenda Unguja na msafiri, ikafika. Dada akaonyeshwa, akauliza kwa sauti ndogo mti ule ni wa kula au wa pambo, na yule mwanamme nyuma ni nani. Bibi alikuja studio kutusimulia mwenyewe. “Nimemwambia huyo ni sehemu ya mti,” akasema. Dada yake alifariki kabla ya mwezi kwisha. Aliyekuwapo pale alisema picha ilikuwa kitandani kwake. Siku hiyo bibi alikwenda mpaka kwa mpiga picha, akamshika mikono yote miwili, na yule mpiga picha akalia mbele ya wateja.

Tangu hapo mimi nikawa mtu mashuhuri. Nimo kwenye picha za arusi ambazo sikualikwa, niko nyuma ya mahujaji, niko begani kwa watoto ambao leo wana watoto. Nilikuwa nikipeleka wageni studio ili niwaonyeshe kiwiko, na niliisimulia habari ya safari kila mara kwa namna ambayo mbuzi alikuwa mdogo na busara zangu kubwa. Kisha zikaja simu zenye kamera, na watu wakajipiga picha wenyewe, mkono umenyooshwa, wamejaza uso mpaka hakuna pa kuingia mti. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba zamani, ili upate picha, ilikuwa lazima mtu mwingine akutazame kwa makini, akwambie inua kidevu, akungoje utulie. Sijui leo ni nani anayetutazama hivyo.

Nilikwenda kuhani msiba Ibra. Baada ya kahawa mwanawe, mtu mzima aliyerithi duka, alinichukua akanifungulia studio. Ukuta wataubomoa, kwani pale patauzwa simu, naye alitaka kunikatia kile kipande chenye kiwiko nikiweke nyumbani. Chumba kilikuwa kitupu, na ndipo nilipojua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kuiona picha ile bila ya mtu mbele yake, na kama hakuna mtu nilikuwa nimesimama mimi naeleza. Nikatazama chini ya picha, pale ambapo miguu ya watu ilikuwa ikiificha. Juu ya majani yaliyoanguka, kutoka ukingo wa picha mpaka karibu na shina, kulikuwa na kivuli kirefu cha mtu: kofia, mabega, na mikono miwili imeinuliwa imeshika kamera. Jua la jioni, lile tulilolipata kwa sababu ya wali wa Mudhaibi, lilikuwa limemtia na yeye pichani. Mji mzima ulikuwa umesimama juu yake, Idi baada ya Idi, na yeye alijua, na alikuwa akituambia tu tusogee kidogo kushoto.

Somo nililolipata ni dogo, na limenifika nikiwa nimezeeka: mtu akitaka kujua nani aliyemtengenezea mahali pake duniani, asitafute penye uso wake, atazame anapokanyaga. Nikamwambia kijana kiwiko akitupe, anikatie kipande cha chini.