Mama Muhuri Hufumba Macho Kabla ya Kutuma Barua

Saa mbili na robo asubuhi. Mama Muhuri anazima kioo cha kompyuta yake, anavaa hedifoni, anafumba macho. Mtunza mafaili wa meza ya pili hajamzoea hadi leo.

"Wenzio wanalala nyumbani, wewe usingizi umeuhamishia ofisini," anamtania.

"Nyamaza, baba. Nasikiliza barua."

Barua yenyewe ni barua pepe ya vyumba vya mtihani, inakwenda kwa wanafunzi 3,200 wa chuo. Kumi na wanne kati yao hawaoni, au wanaona kwa shida. Hao husomewa na sauti iliyo ndani ya simu au kompyuta. Lakini sauti ile husoma maandishi tu; ukiipa picha, inakwama. Hapo ndipo watu wazima, wenye vyeti vyao ukutani, walipokaribia kumponza mtoto wa mtu.

Mama huyu amekuwa karani hapo kwa miaka kumi na tisa, na jina la utani alipewa kwa kuutunza muhuri. Chuoni, barua isiyo na muhuri haikuwa barua. Hata ya kutumwa kwa kompyuta ilichapwa kwanza kwenye karatasi, ikasainiwa na mkuu wa chuo, ikagongwa muhuri, ikapigwa picha kwa mashine. Picha hiyo ndiyo iliyotumwa.

"Ilikuwa inapendeza," anasema. "Muhuri umekaa sawa, saini imenyooka. Nilikuwa najisifu kabisa."

Mwaka jana, mtihani mmoja wa Ijumaa ulihamishiwa Jumatano. Barua ikatumwa Jumatatu, kwa mtindo ule ule. Jumatano asubuhi simu ya ofisi ikalia. Alikuwa binti wa mwaka wa pili, asiyeona tangu utotoni.

"Shikamoo, mama. Samahani, juzi mlinitumia picha. Ni ya nini?"

"Marahaba. Picha gani tena, mwanangu? Sisi hatutumi picha."

"Simu inasema 'picha', halafu inanyamaza. Nikadhani ni tangazo la mahafali. Ila leo hosteli kimya, wenzangu wote wametoka. Nimeingiwa na wasiwasi."

Mama Muhuri anasema hapo ndipo alipokumbuka ile barua ya mtihani. Zilibaki dakika ishirini na tano mtihani uanze, na kwa sheria ya chuo, aliyekosa mtihani ule alirudia mwaka mzima.

"Nikamwambia toka hivyo hivyo, hata viatu usivae. Akanijibu, viatu ninavyo, mama, niambie chumba."

Mama Muhuri alikimbia kumpokea getini. Alipomshika mkono na kumvuta, binti alimwambia asimvute, ampe kiwiko tu. Wakapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Karatasi zilikuwa ndiyo kwanza zinagawiwa.

Binti alifaulu. Mama yake mzazi, fundi cherehani, alisimuliwa jioni ya siku ile ya mtihani.

"Nilikaa chini, nikashusha pumzi," anasema. "Mtoto amesoma mpaka amekonda, halafu aangushwe na picha? Na asingepiga simu je?"

Swali hilo ni la kila mzazi, na walio maofisini walisikie vizuri. Huyu alipiga. Wapo wanaoona haya kuuliza, na kimya chao tunakihesabu kuwa wameelewa. Ukishazoea kuona, ni rahisi kusahau kwamba jirani yako haoni.

Mama Muhuri alipoomba barua ziandikwe bila kupigwa picha, mkuu wa chuo hakukubali upesi. "Bila muhuri, watajuaje imetoka kwangu?" Mama Muhuri hakubishana naye. Alimvalisha hedifoni, akazima kioo, akaifungulia barua ile ile. Sauti ikasema, "Picha." Mzee akangoja.

"Mbona haiendelei?"

"Ndiyo imeisha hiyo, mzee."

Tangu wiki ile maneno yote huandikwa ndani ya barua pepe yenyewe, na kila picha huandikiwa maelezo yake. Zile "bonyeza hapa" kazifuta. "Ukizisikiliza ni hapa, hapa, hapa, kama mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma," anacheka. Siku hizi anaandika "fungua orodha ya vyumba", na msikilizaji anajua anakokwenda.

Leo amegundua kosa moja: vyumba vilivyobadilishwa vimetiwa rangi nyekundu tu, na rangi haisikiki. Anaongeza neno "kimebadilishwa" mbele ya kila kimoja, anasikiliza tena, anatuma.

Wiki ijayo ameomba ruhusa apite maktaba, hosteli na zahanati ya chuo, maana nako barua bado zinapigwa picha. Atakwenda na hedifoni zake, kila karani aisikilize barua aliyoituma mwenyewe.

"Ninachotaka," anasema, "ni binti kama yule amalize miaka yake yote hapa bila kujua kwamba mimi nipo. Siku akilazimika kunitafuta, ujue nimeharibu."