Karti Mpya na Macho ya Papa

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, miaka mingi kabla mvi hazijanianza, nyumbani kwetu katika mtaa wa Mangobo. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta yangu, ile niliyoiunganisha mwenyewe kwa vipande vya huku na huku, nikicheza mchezo wa kuendesha meli. Nilikuwa na miaka thelathini, sijaoa bado. Asubuhi nilifundisha hesabu shuleni, na mchana umeme ukiwepo nilikuwa mtu wa mchezo tu. Nakuambia haya kwa sababu juzi uliniuliza, Josué, kama ubadilishe sasa ile karti inayochora picha ndani ya mashine yako, au ungoje zile mpya wanazosema ziko njiani. Nilikujibu "tutaona". Lile halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu, na linaniuma kulitoa.

Babu yako wewe ulimkuta tayari haoni, anashikwa mkono kwenda misa. Mimi nilimjua akiwa kapiteni wa zile boti kubwa za mbao, akishuka mto hadi Isangi, kisha akipandisha mto Lomami mpaka Opala na mizigo ya watu. Aliweza kutazama uso wa maji tu akakuambia mchanga umelala wapi chini yake. Kazi hiyo aliiacha siku mguu wake ulipobanwa kati ya boti na gati. Tangu hapo akawa mtu wa kiti na fimbo, na nyumba ikamwelemea. Mtu aliyezoea mto hukaa vibaya kati ya kuta nne.

Basi alasiri ile alisikia mlio wa injini ukitoka kwenye mashine yangu. Akaja polepole na fimbo yake, akasimama nyuma yangu.

"Hii bateau iko naenda wapi?" akauliza; meli kwake ilikuwa bateau.

"Inaingia bandarini, Papa."

"Na unaiingiza hivyo? Utagonga. Toka, mwana."

Nikamwachia kiti. Nikamwonyesha namna ya kushika na kubonyeza. Mwanangu, sikuwa nimemwona akikaa wima namna ile tangu ajali. Lakini mashine yangu ilikuwa dhaifu. Picha ilikwama, ikaruka, maji yakasimama kama ukuta, halafu meli ikajikuta imeshagonga gati. Papa akaitazama kwa dharau.

"Maji haitembeake hivi," akasema. "Dawa yake iko?"

"Iko, Papa. Inaomba karti mupya."

"Alors, leta."

Alisema hivyo tu: basi, leta. Na mimi uwezo nilikuwa nao, sitakudanganya. Kulikuwa na mfanyabiashara jirani aliyekwenda Kampala kila baada ya miezi michache, akirudi na simu na vipande vya kompyuta. Nikamwagiza. Kabla hajaondoka nikaenda kwenye nyumba ya intaneti mjini kusoma habari za karti zile, nikakuta wameandika kwamba baada ya muda mfupi zitatoka nyingine, zenye nguvu maradufu. Nikamfuata yule jirani, nikamwambia asinunue kwanza. Nilijiona mwerevu. Subira yavuta heri, nikajisemea. Kumbe methali nayo mtu huweza kuitumia kujifichia.

Zile nyingine zikatoka. Nikasoma tena, nikakuta wanazisifia zitakazofuata. Nikangoja. Papa mwanzoni aliuliza karibu kila juma: "Ile kitu yako imefika?" Nami nikamweleza kwa maneno ya kitaalamu kwa nini haifai kununua sasa. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya kanisa lisilo lake. Kisha akawa anauliza kwa mwezi mara moja. Kisha akaacha kuuliza. Nikadhani amesahau, na nikashukuru.

Mwaka ukapita, na wa pili ukafika katikati. Katika muda ule kulikuwa na mambo niliyoyaona bila kuyaona. Papa alimimina chai nje ya kikombe. Alijigonga bega kwenye fremu ya mlango aliopita maisha yake yote. Siku nyingine nilimwekea lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, akala lituma yote na samaki akamwacha pembeni ya sahani, kisha akauliza kama leo samaki amekosekana. Nikacheka. Nikasema uzee huo.

Aliyenishtua ni mzee Hamadi, fundi wa redio wa mtaa wetu, Mwislamu mmoja mpole ambaye mara kwa mara aliniuzia waya na risasi ya kuchomelea. Siku moja nilikuwa kwenye meza yake nikimsimulia karti mpya itakayotoka. Aliniacha nimalize. Kisha akaweka chini bisibisi yake.

"Papa yako jana nilimupungia mukono, akapita," akasema. "Nilikuwa hapa pembeni yake. Nikamwita, akageuza kichwa yote ndiyo akaniona. Wewe uko naishi naye, haukuona?"

Nikaanza kumhesabia pesa za waya.

"Wewe uko mutu wa kuangalia mbele sana. Bon. Lakini baba yako haiko mbele. Iko kando yako."

Maneno yale yalinipiga kama kofi. Kesho yake nikampandisha Papa kwenye pikipiki, nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimpima muda mrefu, akatuambia ni presha ya macho. Ugonjwa huo, alisema, huanza kula pembeni, unakuja taratibu kuelekea katikati, na ulichokwisha kula haukirudishi. Dawa ya matone ingeweza kulinda kilichobaki, lakini kilichobaki kilikuwa kidogo. Akauliza kwa nini tumechelewa. Papa akajibu haraka, kabla sijafungua mdomo, kwamba kosa ni lake. Alinifichia aibu yangu mbele ya mgeni.

Hapo ndipo nikanunua karti. Yule jirani wa Kampala alikuwa nayo moja dukani, wala haikuwa mpya kabisa. Niliifunga mchana mmoja, nikawasha mashine. Meli ikateleza, maji yakakunjuka vizuri ajabu. Nikamwita Papa, nikamkalisha, nikamwekea mkono wake pale pa kushika. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Naona mwangaza," akasema. "Bateau iko wapi?"

"Katikati, Papa."

"Niambie maji."

"Maji ni ya buluu."

"Buluu haisemi kitu. Iko na mikunjo? Mukono ya kuume kuko nini?"

Mwanangu, sikujua. Miaka yote ile nilikuwa nimetazama kama picha inakwama au haikwami. Maji yenyewe sikuwahi kuyatazama. Nikajaribu kumweleza, nikababaika. Akaendesha kidogo kwa sauti yangu, kisha akatoa mkono taratibu.

"Ulikuwa unangojea nini, Augustin?"

"Ile mupya, Papa."

"Na mupya ikifika?"

"Wanasema kutakuwa ingine."

Akatikisa kichwa. Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu.

Aliishi miaka kumi zaidi, na hakuulizia tena mchezo ule. Watu huniambia kwamba karti isingeponya macho. Ni kweli. Lakini mimi najua kilichopotea. Kama ningeinunua siku ile ya kwanza, tungeketi bega kwa bega kila alasiri, na ningeona mapema kwamba meli zinazotokea pembeni Papa hazioni. Daktari angemkuta bado ana kitu cha kuokoa. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekua, anakaa nami mezani.

Sasa sikiliza, Josué. Sikwambii ununue kwa pupa. Hata mimi sipendi mtu anayekimbilia kila kinachong'aa, na kabla ya karti yoyote tafuta kwanza kifaa cha kutuliza umeme, maana wa hapa kwetu unaujua. Ingekuwa mashine ni ya kwako peke yako, ningesema ngoja hata miaka mitano, kitu kipya hakitakwisha duniani. Lakini mama yako ameniambia kwamba wewe na dada yako Nadège huicheza pamoja, na kwamba shule ikifunguliwa anakwenda kusoma mbali, Bunia. Basi usihesabu karti zinazokuja, hesabu alasiri zilizobaki za kukaa naye. Ukiweza kununua leo, nunua leo. Usipoweza, cheza naye hivyohivyo inavyokwama, na umtazame usoni mara kwa mara kuliko unavyotazama kioo.

Mungu akupe macho ya kuwaona walio kando yako, akuzidishie siku za kukaa nao, na asikuache ukayajua haya kwa njia niliyoyajulia mimi.